Barua kwa mwanangu anayemaliza msimu kisiwani

Kitangiri, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma, na baba yako aliporudi jioni nikamsomea naye. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, meneja wa hoteli hapo kisiwani amekuomba usiondoke msimu ukiisha, ubaki mpaka Januari, nawe unaona hapo unakula bure, unalala bure na hela inaingia, huku chuo Dodoma kinafungua na mwaka wako wa tatu unakusubiri. La pili umelisogeza mwisho kana kwamba ni dogo: ukiamua kuondoka, utawaagaje watu uliofanya nao kazi, wakati wewe una pa kwenda na wao wanabaki? Kwangu mimi hilo la pili ndilo zito, nitakaa nalo. La kwanza nalijibu sasa hivi.

Rudi chuo.

Kazi ya hoteli ni kazi ya heshima, sina neno nayo. Tatizo ni kalenda. Wageni wenu wengi, kwa ulivyonieleza, wanatoka Serengeti kupitia lango la Ndabaka, wamechoka na vumbi, wanataka siku mbili tatu za kuangalia maji na ndege. Hao ni wa kiangazi, Juni mpaka Septemba. Vuli ikishaanza wanapungua, kisha wanaongezeka kidogo wakati wa Krismasi na Mwaka Mpya. Meneja anakutaka kwa ajili ya siku zile za Krismasi, na simlaumu. Kijana anayeongea Kiingereza vizuri, anayejua boti na anayeamka mapema hapatikani kila siku. Lakini muulize, kwa adabu, Novemba utalipwa shilingi ngapi, na umwombe aandike. Vyumba vikiwa vitupu, wa kwanza kuambiwa "pumzika kidogo, tutakuita" ni kibarua. Utakuwa umeahirisha mwaka, mkopo wa chuo umesimama, na uko kisiwani unafagia vibaraza visivyokanyagwa na mtu.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu visiwa nimevizoea, ingawa si vya watalii. Dagaa nimeanza kununua kabla hujazaliwa. Siku hizo hatukuwa tunangoja mzigo ushushwe Mwaloni Kirumba tugombanie na wanunuzi wa Kongo na Rwanda kama sasa. Tulikuwa tunawafuata wavuvi kambini kwao. Unajua dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na hapo ndipo tajiri, yaani mwenye mitumbwi, anakaa nao kufanya mahesabu. Nilipenda kufika siku hizo, dagaa wameshakauka na watu wana nafasi ya kuongea bei. Kwenye duka la kambi kulikuwa na kauntabuku moja, imefungwa kwa uzi wa nyavu kwenye nondo ya dirisha, kurasa zimelainika kwa mafuta ya vidole. Kila mvuvi na ukurasa wake: sigara mbili, sukari robo, sabuni kipande, betri, viroba, taslimu elfu mbili, halafu mistari inaendelea nyuma ya karatasi. Siku ya mahesabu ukurasa ule unasomwa kwa sauti. Kijana aliyekuja kuvua giza moja tu apate mtaji arudi kwao Magu anasomewa, anakuta anadaiwa, anaambiwa hamna shida, utamalizia giza lijalo. Hakuna aliyemzuia. Chakula anapewa, pa kulala anapo, wenzake wapo. Wapo niliowakuta wembamba, ndevu hazijatoka, na leo wana mvi kambini pale pale.

Nakuandikia haya uelewe kwa nini nakusisitizia wiki hii ya mwisho. Mtu anaondoka kisiwani vizuri akiwa amefunga ukurasa wake, na ukurasa haufungwi asubuhi ya boti. Kwa hiyo anza leo. Nenda duka la wafanyakazi, mwambie muuza duka akusomee deni lako lote, vocha na soda na ile sabuni uliyochukua ukisema utalipa jioni. Lipa, halafu simama hapo mpaka aikate mistari kwa kalamu. Kama kuna mwenzako alikukopesha, mlipe mbele ya mtu mwingine. Na wewe kama unamdai mtu, mkumbushe mara moja, taratibu. Akishindwa, amua mwenyewe kama unamsamehe, kisha usilitaje tena.

Upande wa mwajiri, baba yako amesimama hapa anataka niandike sawasawa, maana yeye vitabu vya sheria anavipenda. Anasema Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri, kazi inapokwisha, akulipe ujira wa kazi yote uliyokwisha kuifanya na malipo ya likizo kama unayo, na akupe cheti cha utumishi. Kifungu cha 43 kinahusu safari: kama ulichukuliwa mahali pamoja na kazi ikaishia pengine, mwajiri akurudishe ulikochukuliwa au akupe nauli. Wewe walikuchukua hapa Mwanza, kwa hiyo boti ya kurudi si hisani. Na kama kwenye mshahara walikuwa wanakukata asilimia 10 ya NSSF, chukua namba yako ya uanachama uangalie kama mchango umefika, ukiwa na ile sehemu ya kwao. Usiende kumsomea meneja vifungu. Mwambie tu, mapema, "Bosi, naomba cheti changu cha utumishi kabla sijaondoka, chuoni wanaweza kukihitaji." Omba kionyeshe tarehe ulizofanya kazi na kazi ulizofanya zote: mizigo, mezani, matembezi ya ndege. Karatasi hiyo utaitumia miaka mingi baada ya hela kuisha.

Lingine ni ile darubini uliyoachiwa na yule mzee wa Kijerumani. Najua alikupa kwa moyo wake, na najua umeifurahia. Lakini mwenyewe ameshaondoka na hakuandika chochote. Kaionyeshe ofisini sasa, waandike kwenye daftari kuwa ni zawadi, na jina lako liwepo. Sehemu nyingi za wageni mizigo ya mfanyakazi inakaguliwa anapoondoka, na sitaki begi lako lifunguliwe gatini mbele ya wenzako kitoke kitu ambacho huna maelezo yake. Fanya hivyo hivyo na viatu na lile koti la mvua.

Umesema tayari ameshafika binti wa Nansio wa kushika nafasi yako. Mfundishe. Mwonyeshe yale ambayo hayajaandikwa popote: bomba la chumba cha mwisho lisilofunga mpaka uliminye kwa nguvu, jiwe la gati linaloteleza likilowa, mti anaotua furukombe asubuhi, mwamba anaoota jua kenge na saa anayotoka, mgeni gani hali samaki. Mhesabie maboya ya boti mbele yake, na funguo, na mashuka, mkubaliane idadi. Wapo watu wanaficha mambo ili wakiondoka ionekane pengo lao. Sipendi tabia hiyo, na kwetu hukuifundishwa. Anayeumia ni binti wa watu, atakayefokewa siku ya kwanza kwa kosa asilolijua.

Kuhusu lile sanduku la bakshishi ulilolilalamikia tangu Julai, kwamba msimamizi wenu anagawa anavyotaka yeye na watu wa jikoni wanapata kidogo: umeniuliza kama useme kabla hujaondoka. Fikiria jambo moja kwanza. Wewe ukishasema unapanda boti. Watakaobaki na hasira zake ni mpishi na vijana wa kuosha vyombo. Kwa hiyo waulize wao, mmoja mmoja, kama wanataka uwasemee. Wakikataa, nyamaza, hata kama kifua kinakuwaka, kwa sababu riziki ni yao. Wakikubali, anza na msimamizi mwenyewe, wewe na yeye tu, ukiwa na siku na kiasi unachokijua kwa hakika. Asipokusikia ndipo uende kwa meneja. Usiandike chochote kwenye kundi la WhatsApp la kazini, wala usitume ujumbe ukiwa umeshafika Mwanza. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Likizo ijayo unaweza kutaka nafasi hiyo hiyo, au mdogo wako akaitaka.

Sasa kuaga.

Ulichoandika kimenigusa, kwamba unaona aibu kumwambia mama mpishi kuwa unarudi chuo, wakati yeye Novemba hajui kama atalipwa mshahara mzima. Mwanangu, usimwonee aibu. Wewe mwenyewe ulinieleza kuwa anamsomesha mwanawe sekondari kwa kazi hiyo hiyo. Mama anayesomesha anajua chuo ni nini, na hakuna atakachofurahia kuliko kuona kijana aliyemlisha ugali miezi yote hii anarudi darasani. Ukienda kwake umeinamisha kichwa, ukizungukazunguka maneno, ataona unamhurumia, na hilo litamuuma kuliko kuondoka kwako. Mwambie moja kwa moja: "Mama, narudi chuo, naondoka siku fulani." Aisikie kutoka kwako kabla hajaisikia kwa wengine.

Anza siku mbili tatu kabla, na umfuate kila mtu mahali pake. Mpishi umfuate jikoni jioni, vyombo vikishaoshwa na moto umepungua, ukae kwenye kigoda umenye hata vitunguu vya kesho. Mlinzi ukae naye usiku, maana mchana analala na ukimwamsha kumuaga utakuwa umemsumbua. Nahodha muage mkiwa mnasafisha boti. Kila mmoja mwambie kitu kimoja alichokufanyia, kitu chenyewe hasa. Ulinisimulia nahodha alivyokuonyesha namna ya kumpokea mama mzee wa kizungu anayeogopa maji, unamshika kiwiko badala ya kiganja ili asivute mkono wako mkayumba wote. Mwambie hilo. Atafurahi kujua uliliona na bado unalo.

Wala usiahidi. Hili naliomba sana. Mtu anayeondoka anakuwa na moyo laini, anajikuta anasema nitakutafutia kazi Dodoma, nitakutumia simu, nitamleta mwanao kwetu. Yeye anasahau akifika stendi ya Nyegezi. Aliyebaki anahesabu siku. Kama kuna jambo dogo unaloweza kulifanya, lifanye kabla hujaondoka: mwandikie mlinzi ile barua yake ya kuomba uhamisho, mfundishe mpishi kutuma hela kwa simu bila kumpa mtu namba yake ya siri. Na wape namba yako wote, hata usipofikiri watapiga.

Halafu vuka upande wa pili wa kisiwa, kule kwenye mwalo, ukawaage wavuvi. Umeniandikia mambo mengi ya hoteli na hao umewataja mara moja, kwamba ndio wanaowauzia sato. Walikuwepo hapo kabla ya vyumba vya makuti. Mimi tulipokuwa shule ya msingi tulipelekwa Saanane, ilipokuwa bado bustani ya wanyama iliyoanzishwa 1964, tukakimbizana na pimbi kwenye mawe mpaka mwalimu akachoka. Sasa ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake, na watalii wanavuka kutoka Capri Point kwa dakika chache. Wangapi wanajua kuwa jina lile ni la mtu, mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa anaishi pale? Watu wa namna hiyo wapo kwenye kila kisiwa ambacho wageni wanakipiga picha. Nenda uwasalimie, kaa kidogo, kunywa chai wakikupa. Kijana wa hoteli anayekuja kuaga mwaloni anakumbukwa.

Yule mama wa Uholanzi aliyesema atakusaidia ada: mwandikie umshukuru kwa mazungumzo, mweleze unasoma nini na umefikia wapi, basi. Hela usiitaje. Akikumbuka mwenyewe, tutamshukuru Mungu. Asipokumbuka, ada yako baba yako na mimi tumeshaipangia.

Hela uliyoweka nayo naisemea kidogo, kwa kuwa ni jasho lako. Tenga ya kukupeleka mpaka boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu, litakapoingia, kwa sababu unajua linavyochelewa na unajua njaa ya wiki za kwanza. Bibi mpe mkononi mwake wewe mwenyewe, usinitumie mimi nimpe. Ukitaka kujinunulia kitu, jinunulie, umefanya kazi. Ila usinunue simu ya kuwaonyesha vijana wa Kitangiri. Hapa mtaani wameshaanza kusema unarudi na dola. Watakuja wengi kukusalimia wiki ya kwanza, wawili watatu wakiwa na shida za kweli, na nitakunong'oneza ni akina nani.

Afya. Umekaa miezi kwenye maji, umeyakanyaga alfajiri na jioni ukishusha watu kwenye boti, na kando kando ya matete ndiko wanakokaa wale konokono wa kichocho. Ukifika, kabla hujapanda basi, tunakwenda kupima choo na mkojo, na malaria pia. Usiniambie hujisikii mgonjwa. Kichocho cha ziwani kinakaa tumboni kimya kinaharibu ini, na dawa yake, prazikwanteli, inamezwa siku moja tu.

Na safari yenyewe. Chukua boti ya asubuhi, upepo wa mchana haujaanza. Ukiona imejaa, mizigo imerundikwa na watu wamesimama, shuka, subiri inayofuata, hata kama nahodha ni rafiki yako na hata kama umeshalipa. Sisi watu wa Mwanza tuna tarehe mbili hatuzizungumzi kwa sauti: 21 Mei 1996, ilipozama MV Bukoba, na 20 Septemba 2018, MV Nyerere, iliyopinduka watu wakiwa wanaiona gati ya Ukara mbele yao. Wewe ya Nyerere unaikumbuka mwenyewe, ulikuwa shule, na wenzako wawili darasani walivaa nguo nyeusi. Boya livae, lifunge mikanda yote. Usilikalie kama mto, nimewaona vijana wanavyofanya.

Meneja mjibu mapema ili naye atafute mtu wa Krismasi. Mshukuru kwa kukutaka, mwambie chuo kinafungua, na kama bado wanaajiri Julai ijayo utafurahi kuitwa. Usimpe sababu zaidi ya hiyo, inatosha na ni ya kweli.

Ukishapewa cheti chako, kipige picha unitumie siku hiyo hiyo, karatasi zenyewe ziweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi la mgongoni. Nijulishe siku ya boti na kama inatia nanga Mwaloni au Kamanga. Baba yako atakuja kukupokea, maana mimi asubuhi nakuwa kwenye mzigo. Tiketi ya Dodoma tutakata Nyegezi tukishapata majibu ya vipimo. Bibi anauliza kama utaleta sato wabichi. Mwambie nahodha akutafutie wawili wakubwa, uwaweke kwenye barafu, na uwalipie.

Mama yako